Kura za Ng'ambo ya Mto

Jumatano

Nimeshasema, na maneno yangu yameandikwa.

Mutua, aliyenisimamia kampeni niliposhindwa kiti cha wadi, alinishika mkono tukiingia kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mipaka mipya ya wadi. "Mama Ndinda, leo nyamaza tu. Watu wa ng'ambo ya mto ndio walikunyima kura, na sasa wanahamishwa wadi ingine. Wakitoka, umepita."

Ni kweli. Na nilitamani kunyamaza, maana kushindwa kule bado kunaniuma. Lakini huko wanakopelekwa watakuwa wachache mno, na hakuna mgombea atakayejisumbua kuwaomba kura. Nani atakumbuka bwawa lao lililobomoka?

Nikasimama, nikaomba wabaki kwetu. Kisha mama mmoja wa ng'ambo akauliza kwa sauti, "Huyu si ndiye tulimwangusha?" Watu wakacheka, hata mimi.

Mutua ameniambia nitafute mtu mwingine wa kunipigia kampeni. Imenihuzunisha, lakini sawa.

Uamuzi bado haujatoka. Hata hivyo Jumamosi nitavuka mto, niketi na wale watu, waniambie ana kwa ana kwa nini hawakunichagua.