Kuamia Ndege Pasipo Mpunga

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Karatasi ni ndogo na aibu ni kubwa, basi salamu zetu ni njema, na yaliyobaki ni aibu.

Mimi na mumeo tumepiga kambi kando ya ziwa dogo, njia ya Kabambare. Mwenyeji wetu, Mbangubangu mmoja mpole, aliahidi kutuonyesha ndege korongo wakicheza ngoma. Mumeo alifurahi kama mtoto. Siku tatu tumelala kifudifudi ndani ya matete tangu alfajiri, mbu wakitunywa damu, wala hakuna aliyethubutu kukohoa.

Leo wakaja. Wakatua mbele yetu, wakainamiana kama maharusi, wakakunjua mabawa. Mimi nilikuwa nimesinzia. Nilipofumbua macho nikaona ndege tu, nikaruka juu, nikapiga makofi na kupayuka: "Hooo! Hooo! Tokeni kwenye mpunga wa mama!"

Ziwa zima likabaki maji tu.

Mwenyeji akanitazama sana, kisha akauliza taratibu, "We mutu wa Kasongo, mupunga iko wapi?" Mumeo amenipa kisogo mpaka sasa, hata kwenye sahani ya samaki.

Miaka yote uliniweka juu ya dungu shambani niwaamie ndege kwa kelele, nikalala, wakala mpunga wetu. Leo, pasipo punje hata moja, nimeamka!

Mungu akutunze, yaya. Mumeo akifika kabla yangu, mpikie wali mzuri, ashibe kwanza. Halafu umwambie ni nani aliyenifundisha kelele zile.

Nduguyo, Salumu