Jini wa Sahani za Buluu

Chake Chake, Jumatano, 1959

Mdomo huu utaniponza. Mama mkwe aliponiuliza leo nimesomesha nini skuli, ningejibu hesabu tu, yangekwisha. Nikamwambia nimesomesha kobalti, madini yanayotiwa kwenye rangi ya buluu, kama ile ya sahani zake za urithi. Nikaongeza kwamba jina lake ni la jini. Wachimbaji wa Kijerumani waliyeyusha mawe wakitaraji fedha, wakapata moshi wa sumu, wakasema jini wa migodini, Kobold, amewaibia.

Akazitoa sahani zote kabatini, akazipeleka uani.

Kesho tuna wageni, na sahani nyingine za maana hatuna. Nikajuta kweli.

Baada ya alasiri nikamkuta amezipanga mkekani, chetezo cha ubani katikati.

"Miaka arubaini tunakula naye na hajatudhuru," akasema. "Ila hakuna aliyewahi kumkaribisha."

Chakula cha usiku tukakila kwenye sahani hizo hizo. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Nami, mwalimu wa sayansi, nikajiona nasogeza kipande cha samaki ukingoni, penye ua la buluu, na kukiacha hapo.