Buti Mlangoni pa Hekalu

Mama, shikamoo. Leo nimelifikia lile hekalu la Wahindi hapa Singida mjini, ambalo marehemu baba alilibebea mawe enzi za Mjerumani. Lina ngazi, ukumbi wa nguzo, na nyuma kabisa chumba kidogo cha mungu wao, kama alivyotusimulia.

Mlangoni nilimkuta Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, anataka kuingia na buti. Bibi wa Kihindi anayelitunza akamzibia njia: “Vua, au baki nje.”

“Mimi ndiye serikali!” akafoka. Bibi hakusogea.

Nikavua katambuga zangu, akanipisha. Sakafu ile ni baridi, mama, nimeikanyaga peku.

Uwe mzima, na uwaambie wote hapo Ihanja: mtoto wa mbeba mawe aliingia, serikali ikabaki juani.

Mwanao, Mateo