Kikombe Chekundu cha Akoth

Jumanne, usiku

Na mimi muda huu wote nilikuwa naogopa kikombe!

Akoth, msusi wa saluni yangu, alipoanza kukohoa nilimtengea kikombe chake cha chai, kile chekundu, nikawa nakiosha kando na maji moto. Dirisha la saluni nikalifunga, maana vumbi la hapa mtaani 56 linaharibu nywele za wateja. Nikajiona mjanja.

Leo amerudi kutoka kliniki na barakoa usoni. Akasimama nje, akakataa kuingia.

"Mama Shiku, ni TB. Na nesi amesema si kikombe, ni hewa. Nikikohoa humo ndani na kumefungwa, inabaki tu hapo ikingoja mtu aivute. Anataka nyinyi wote mpimwe."

Nimelivuta hilo dirisha hadi kucha ikavunjika. Limekwama kabisa. Rangi iliyoligandisha niliipaka mwenyewe.

Anayesukwa rasta hukaa siku nzima, kichwa chini ya kidevu cha Akoth. Ni wangapi wamekaa hapo? Wengine hata majina yao siyajui. Lakini Mama Tasha namjua. Alisukwa huku akinyonyesha.

Nimempigia jioni. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza kama Jumamosi kuna nafasi.

"Mama Tasha, ngoja kwanza," nikamwambia. Nikamweleza yote, hata dirisha.

Akaniuliza dirisha limefungwa tangu lini.

Kabla sijamjibu, nikasikia mtoto akikohoa.