Barua za Mteja wa Viatu Vyeusi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoweka nyundo chini ukatuacha. Majirani bado wanakuita Mzee Soli, na wengine bado wanaleta viatu mlangoni.

Kitindamimba wako alikuwa ameanguka mara mbili mtihani wa hati mkato, yale maandishi ya alama za kuandikia haraka. Kasi ilimshinda: maneno mia kwa dakika! Chuo kikampa nafasi moja tu, ya mwisho. Wewe ni fundi viatu, hati mkato uliisikia kwake tu, lakini ulifuta gundi mikononi ukasema, "Lete kitabu nikusomee, wewe uandike."

Siku ya pili ukakitupa kitabu chenyewe. "Barua gani hizi? Hazina chumvi hata kidogo!" Ukaanza kutunga zako: mteja anadai viatu vyeusi, kampuni inampiga chenga. Kila jioni barua moja, jicho kwenye saa ya ukutani. Mama aliacha mboga ziungue ili asikie kampuni imejibu nini. Lo, kampuni ile ilikuwa na majibu ya jeuri!

Halafu unainama juu ya daftari. "Hako kamkia ndiyo 'tunasikitika kukujulisha'? Yote hiyo? Na hiki kinukta je?"

"Baba, unanichelewesha bwana!"

Unacheka, unauliza tena.

Ulitutoka wiki tatu kabla ya mtihani. Kaka akajaribu kumsomea, anasoma kama anahesabu matofali. Mama akashika kitabu, machozi yakamzidi. Basi mwanao akaenda na kile ulichomwachia. Amefaulu, Baba! Maneno mia, hakuacha hata moja. Anasema msomaji wa mtihani alisoma polepole kuliko wewe.

Imla yako ya mwisho, uliyomsomea mkiwa wawili tu, hakuthubutu kuisoma wala kutusimulia, na hapa nyumbani ni yeye peke yake anayeijua mikia ile. Mwaka mzima tumeulizana: mteja alipata viatu au hakupata? Juzi tukamkalisha, tukamwambia fungua daftari. Akasoma polepole, kidole kwenye mstari:

"Kwa Meneja. Viatu nimevipokea, vinanitosha sawasawa. Sina dai tena. Ila nimeshazoea barua zako, kwa hiyo naomba usiache kuniandikia."



Tunaokuwaza kila siku: mkeo, wanao watatu, wajukuu, na mdogo wako anayeendesha kibanda chako. Hujatutoka moyoni, Baba, na hutatutoka kamwe.