Damu ya Paka Imejibu

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, pasha tu. Kadogo akirudi shule ale kwanza, televisheni baadaye. ~~Paka abaki stoo ulikomfungia.~~ Paka mfungulie.

Nimebadili mawazo kwa sababu maabara wamenipigia ulipokuwa bafuni. Unaijua kazi yetu pale: mnyama wa kufugwa akiingia kutoka nje ya nchi tunampima damu, tuone kama ana kingamwili za hiki kirusi cha mafua ya watu. Akiwa nazo, ujue kirusi kilishampata. Paka wetu naye alipofika kutoka nje alipimwa, hakuwa nazo. Wiki iliyopita, uliposhikilia kwamba yeye ndiye aliyekuletea kikohozi, nilimpima tena kimyakimya. Sasa anazo.

Kwa hiyo ameambukizwa humu humu ndani. Na humu ndani aliyekuwa anakohoa ni mmoja tu, yule yule anayeapa kwamba paka hapandi kitandani kwake. Foronya yako nafua mimi, bwana. Manyoya nayaona.

Asubuhi ulisema mbele ya mtoto kwamba kazi yangu inaleta magonjwa nyumbani. Hilo limenichoma, sikufichi.

Dawa yako iko juu ya friji. Maji ya paka yabadilishe.

Kadogo akikuuliza nani alimwambukiza nani, mjibu mwenyewe. Halafu kuna watu wawili wa kuombwa radhi humu ndani. Anza na paka, mimi narudi jioni.

Mama watoto