Uje na Wote Wanaomlisha

Bombambili, Songea

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Sisi wazima, mahindi yamekomaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Unasema nesi ameona mwanao amenenepa mno, akicheza kidogo anahema, lakini ukimpunguzia chakula mama mkwe wako ananuna. Baba yako naye alikuwa hivyo, miaka ile maduka yalipoanza kujaa soda na biskuti. Nesi wa zahanati alimpima, akaniambia, "Mama, kesho uje na wote wanaomlisha."

Tulijaza benchi. Ikajulikana mimi nilikuwa nampa uji, mama mkwe wangu ugali, babu yako soda, kila mmoja akidhani mwenzake hajampa kitu.

Mama mkwe alifoka: "Tulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na njaa! Leo mnataka mtoto akonde, watu watucheke?"

"Shikamoo, bibi," nesi akajibu. "Hatumkondeshi. Tunataka akue, unene usitangulie kimo. Wewe unaona tuanze kuondoa nini?"

Mama mkwe akasema, "Soda. Hata kule Msumbiji hatukuizoea."

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuingiza soda nyumbani, hata babu yako.

Kwa hiyo usirudi kliniki peke yako. Nenda na mama mkwe wako, na swali hilo, tuanze kuondoa nini, aulizwe yeye kwanza.

Nakuombea moyo mgumu na ulimi laini.

Bibi yako